Vibao vinne ukutani: uchambuzi wa kisa cha kuwaenzi wanamichezo wa zamani wa chuo, Mtwara

Kisa hiki ni cha chuo kimoja cha elimu ya juu mkoani Mtwara kilichoanza kama chuo cha ualimu. Jina la chuo, majina ya watu na miaka ya tukio yameondolewa, na maelezo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya maofisa michezo, washauri wa wanafunzi na kamati za wahitimu zinazotaka kuanzisha utaratibu kama huu.

Usuli

Utaratibu wa kumbi za heshima za michezo, yaani mahali ambapo wanamichezo bora wa zamani huchaguliwa na kuwekewa kumbukumbu, umekomaa zaidi Marekani. Ukumbi wa besiboli wa Cooperstown, jimbo la New York, ulichagua watu wake wa kwanza 5 mwaka 1936, na mpaka leo anayepigiwa kura na waandishi lazima apate asilimia 75. Vyuo vikuu vya huko vina kumbi zao wenyewe. Vingi huweka sharti kwamba mtu awe amemaliza masomo miaka 5 au 10 iliyopita, na huwatambulisha wateule mbele ya watazamaji wakati wa mapumziko ya mechi. Mazingira ya michezo ya vyuo hivyo si mageni kwa Watanzania: Suleiman Nyambui, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5000 Moscow 1980, na Gidamis Shahanga wote walisoma na kukimbia katika timu ya University of Texas at El Paso.

Chuo cha kisa hiki hakikuwa na ukumbi. Kilikuwa na varanda ndefu inayounganisha utawala na maktaba, na ukuta wake mmoja haukuwa na kitu. Ofisa michezo akapendekeza uwe Ukuta wa Heshima. Menejimenti ikakubali mwezi Machi, ikaunda kamati ya watu 7 na kupanga sherehe iwe Jumamosi moja ya Novemba, wiki ya mahafali. Hakuna aliyetazama kalenda ya korosho. Novemba minada imechangamka, wanunuzi na madereva wa malori wamejaa mjini, na nyumba za wageni zinapangishwa kwa bei wanayotaka wenyewe. Hilo liligharimu fedha kuliko lilivyogharimu heshima, kwa hiyo tuliache hapo.

Mapendekezo na kura

Tangazo la kwanza liliomba majina ya "waliong'ara katika michezo". Majina 23 yakaja, mengi kwa ujumbe wa simu, na karibu yote bila karatasi yoyote. Neno "kung'ara" halina kipimo. Mmoja alipendekezwa kwa sababu alikuwa nahodha, mwingine kwa sababu baadaye alikuwa mtu mkubwa serikalini, mwingine kwa sababu alichangia jezi.

Kamati ikasimamisha zoezi kwa wiki tatu na kuandika masharti manne: mtu awe amesoma au kufanya kazi chuoni, awe ameondoka si chini ya miaka 5 iliyopita, mafanikio yake yawe ya wakati alipokuwa chuoni, na kila dai liwe na ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana. Cheti na picha ni aina mbili. Kumbukumbu za marafiki wawili waliokaa bweni moja ni aina moja. Sharti hili la mwisho ndilo lililoiokoa kamati, kama itakavyoonekana.

Kura ikafuata kiwango cha asilimia 75. Hapa pakatokea ubishi wa hesabu ambao kila kamati ndogo itakutana nao. Kwa watu 7, kura 5 ni asilimia 71.4, hazitoshi, zinahitajika 6. Mjumbe mmoja alikuwa amecheza timu moja na mpendekezwa, akatoka nje ya chumba. Wakabaki 6, na asilimia 75 ya 6 ni 4.5, maana yake kura 5. Katibu aliandika jedwali hilo dogo kwenye muhtasari kabla ya kufungua karatasi za kura. Lingeandikwa baada ya kufungua, kila mtu angesema limetengenezwa.

Waliopita ni watano: mkimbiaji wa miaka ya 1980, mchezaji wa netiboli, golikipa ambaye ni marehemu, mchezaji wa mpira wa wavu, na mzee aliyekuwa mtunza stoo wa chuo na papo hapo kocha wa riadha kwa miaka mingi.

Dakika 3 na sekunde 31

Pendekezo la mkimbiaji lilisema alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 31 kwenye uwanja wa nyasi wa chuo. Waliomshuhudia walikuwa wawili, na wote wawili walitaja muda uleule bila kupepesa.

Mjumbe mmoja aliyefundisha riadha akauliza swali moja: Filbert Bayi alikimbia ngapi Christchurch? Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alikimbia 3:32.2 na kuweka rekodi ya dunia. Kwa hiyo kijana wa chuo, kwenye nyasi, pengine pekupeku, angekuwa amempita Bayi kwa zaidi ya sekunde moja na habari isivuke mto Rufiji.

Ingekuwa rahisi kusema wazee wanatia chumvi. Kamati haikufanya hivyo. Ilichukua tepu ya mita 50, vigingi na kamba, ikaenda kupima njia yenyewe. Njia hiyo haijahama, kwa sababu upande mmoja inabanwa na miembe ya zamani na upande mwingine na ukuta wa bwalo. Njia isiyo na ukingo ulioinuka hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, nao wakapima hivyo mara mbili. Mzunguko ulitoka mita 370.

Chuoni walikuwa wakikimbia mizunguko mitatu na robo tatu, kama inavyotakiwa kwenye njia ya mita 400. Lakini 3.75 mara 370 ni mita 1387 na nusu. Mbio zao za 1500 zilipungua mita 112 na ushei. Sekunde 211 kwa umbali huo, ukiendeleza mwendo uleule hadi 1500 kamili, zinakuja sekunde 228, yaani dakika 3 na sekunde 48, au zaidi kidogo kwa kuwa miguu huchoka. Huo ni muda wa kijana hodari wa chuo, na unaaminika kabisa. Saa ya kubonyeza ilisema kweli na mashahidi nao walisema kweli. Kilichokuwa kifupi ni uwanja.

Kamati iliamua nini? Muda haukuandikwa kwenye kibao, si ule wa 3:31 wala ule wa kukokotoa. Kiliandikwa kilichokuwa na vyeti: mshindi wa kwanza wa mita 1500 kwenye mashindano ya vyuo vya ualimu ya kanda, miaka mitatu mfululizo. Ofisa michezo alimfuata mkimbiaji mwenyewe, sasa mwalimu mstaafu, akamwonyesha hesabu. Mzee alicheka, akasema siku zote alishangaa kwa nini akienda mashindano ya nje mbio zilionekana ndefu.

Jina la mama wa netiboli

Kosa kubwa zaidi la kamati lilikuwa dogo kwa macho. Jina la mchezaji wa netiboli lilichukuliwa kwenye orodha ya sasa ya wahitimu, ambamo anatumia jina la mume. Bati la shaba likachongwa hivyo. Katibu alimpigia simu wiki mbili kabla ya sherehe, na kilichompigisha simu ni usafiri tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, tumeshaandaa na kibao chako, jina tumeliandika kama lilivyo kwenye orodha ya wahitimu."

"Hilo la mume wangu? Mwanangu, hilo nililipata nimeshaacha netiboli. Wasichana wa timu yangu wakipita hapo ukutani watauliza huyu nani."

Bati likarudi kwa fundi. Siku 4 zikapotea na bati la pili likalipiwa. Kamati ilipoyapitia majina mengine ikakuta mkimbiaji naye ana tahajia mbili: kwenye cheti cha chuo jina la ukoo limeandikwa kwa "ch", kwenye kitambulisho cha taifa kwa "sh". Majina ya kusini yamepita mikono mingi, karani wa chuo, padri, ofisa wa uandikishaji, na kila mmoja ameandika alivyosikia. Huwezi kulikisia. Kibao hutumia jina ambalo mhusika mwenyewe ameliandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa, na kutia sahihi pembeni.

Marehemu na watu wake

Golikipa alifariki miaka kadhaa iliyopita. Mjane na watoto wanaishi Masasi. Kamati ilimwandikia mjane barua nzuri, ikamwalika na mtoto mkubwa aje kupokea. Ilijiona imemaliza.

Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama. Mjomba, kaka wa mama, ana sauti ambayo mgeni wa kutoka bara anaweza asiione kabisa mpaka aikanyage. Mjomba wa marehemu, mzee wa kijiji kimoja wilayani Tandahimba, alisikia habari kwenye tangazo la redio. Akatuma ujumbe mfupi kwamba mtoto wao anatajwa hadharani na wenyewe hawana taarifa. Hakusema hataki. Alisema hana taarifa, na kwa anayejua lugha ya wazee, hiyo ya pili ni nzito zaidi.

Katibu alitaka kupiga simu. Mtunza stoo mstaafu, ambaye naye alikuwa mmoja wa wateule, ndiye aliyemzuia: simu ingekuwa kosa la pili. Wajumbe wawili wakaenda wenyewe kwa basi, kisha kilomita za mwisho kwa bodaboda, wamebeba sukari kilo mbili na nakala ya barua. Walikaa zaidi ya saa mbili. Mazungumzo ya kibao hayakuchukua hata dakika kumi.

Mapatano yalikuwa haya: mjomba anazungumza kwa niaba ya ukoo, maneno machache, mtoto mkubwa anapokea, zawadi ndogo ya kubebeka inabaki nyumbani kwa mjane, na kibao cha ukutani ni mali ya chuo. Dua ya marehemu ilipangwa iwe mwanzo wa shughuli, kabla ya jina la mtu yeyote aliye hai kusomwa.

Aliyekataa

Mchezaji wa wavu alipopata barua alijibu kwa mistari miwili: hawezi kuwekwa peke yake, walikuwa sita uwanjani na waliokaa benchi. Akiwekwa, iwekwe timu. Kanuni hazikuwa na kipengele cha timu, na muda wa kuziandika upya haukuwepo. Akaachwa kwa heshima. Lakini jina lake lilikuwa limeshatangazwa kwenye mbao za matangazo kabla ya kuulizwa, na kulifuta kulizua minong'ono kwamba kuna jambo amefanya. Hili lilikuwa jeraha la kujitakia.

Vibao vyenyewe

Kamati ilichagua mpingo, na kwa Mtwara uamuzi huo hauhitaji maelezo: mafundi wa vinyago wapo mlangoni. Kila kibao kilikuwa sentimita 30 kwa 22, unene 2.5, na bati la shaba la sentimita 15 kwa 8 lenye maandishi. Mpingo una uzito kuliko maji, hivyo kibao kimoja kilikuwa kama kilo 2. Kwa ukuta wa tofali uliopigwa plasta zilitumika plagi za kushikilia skrubu ukutani, za milimita 8, mbili kwa kila kibao.

Mti ulikuwa na kibali, jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Kilichosahauliwa kuulizwa ni umekatwa lini. Ulikuwa mbichi. Mpingo hukauka polepole mno, na unyevu hukimbilia kutokea kwenye ncha za mbao kuliko kwenye ubavu. Vibao vilipomalizika vilihifadhiwa wiki tatu kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ambapo hewa ni kavu kuliko mahali pengine popote chuoni. Wiki ya sherehe kibao cha kocha kilikuwa na ufa wa urefu wa kidole, kuanzia ncha ya kulia hadi kwenye skrubu ya bati.

Ufa uliishia kwenye skrubu kwa sababu maalumu. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana, lakini bati la shaba halifuati. Skrubu zikiwa zimebana pande zote mbili, mbao haina pa kwenda ila kupasuka. Fundi aliyerekebisha alifanya hivi: upande mmoja wa bati aliacha tundu la duara, upande wa pili akalichonga liwe refu kidogo, kama punje ya mpunga, ili skrubu iteleze. Ufa ukajazwa unga wa mpingo uliochanganywa na gundi. Ncha za vibao vyote zikapakwa nta iliyoyeyushwa.

Skrubu nazo zina kisa chao. Za kwanza zilikuwa za chuma, na upepo wa bahari ukaziotesha kutu ndani ya mwezi, ikichirizika juu ya shaba. Zikabadilishwa kwa za shaba. Shaba ni laini na mpingo ni mgumu, ukilazimisha kichwa kinakatikia mkononi na mwili unabaki ndani ya mti. Kwa skrubu ya milimita 3.5, tundu litobolewe kwanza kwa biti ya milimita 2.5, ipitishwe skrubu ya chuma ya saizi hiyohiyo ili ikate njia, itolewe, ndipo ya shaba iingie ikiwa imepakwa sabuni ya mche.

Siku yenyewe

Wateule walitambulishwa wakati wa mapumziko ya mechi kati ya chuo na wahitimu wa zamani. Mapumziko ni dakika 15. Kamati ilipiga hesabu ya dakika 2 kwa kila mmoja, jumla 8, na mjomba dakika 3. Kwenye karatasi zilibaki dakika 4.

Wasifu ulikuwa umewekewa kikomo cha maneno 120, ambayo msomaji asiye na haraka huyamaliza kwa dakika moja hivi. Msomaji alikifuata. Kilichokula muda ni kutembea: kutoka jukwaani hadi katikati ya uwanja kuna hatua zaidi ya 60, na mzee wa miaka zaidi ya 70 hazitembei kwa haraka wala haifai aharakishwe. Umeme ulikatika mjomba akiwa ameshika kipaza sauti. Jenereta ilikuwepo, ila haikuwa imeunganishwa na spika. Mjomba aliendelea bila kipaza sauti, na uwanja ukanyamaza kumsikiliza. Kwa jumla zilitumika dakika 24, huku mwamuzi amesimama na saa yake na wachezaji wamepoa.

Kocha alipofika kwenye kibao chake baada ya mechi aliomba jambo moja. Bati liliandikwa "Kocha". Aliomba liandikwe "Mtunza stoo na kocha", kwa sababu mshahara aliokuwa akilipwa ni wa stoo.

Matokeo na uchambuzi

Vibao vinne vipo ukutani. Bati la kocha lilibadilishwa mwezi uliofuata. Hakuna familia iliyobaki na kinyongo kinachojulikana, na kwenye mzunguko wa pili mapendekezo yalikuja machache zaidi, lakini mengi yakiwa na vyeti na picha.

Ushahidi wa aina mbili ulifanya kazi kubwa kuliko kipengele kingine chochote. Bila huo, 3:31 ingechongwa kwenye shaba, na mwanafunzi wa kwanza mwenye simu angeilinganisha na muda wa Bayi na kumfanya mzee kichekesho. Kupima uwanja kulichukua asubuhi moja na watu watatu. Kufuta dai bila kupima kungemwacha mkimbiaji na mashahidi wake wakionekana waongo, nao hawakuwa waongo.

Ziara ya Tandahimba ilirekebisha mambo, lakini ilikuwa ya kurekebisha. Swali "nani anapaswa kujua kwanza?" lingeulizwa kwa mjane siku ya kwanza, angelijibu kwa sentensi moja. Kamati ilikuwa na wajumbe wawili wenyeji na wote wawili walidhani mwenzake ameshauliza.

Mfuatano wa kazi ndio ulioharibu mengi: kura, tangazo, uchongaji, kisha mawasiliano na wahusika. Mawasiliano yangetangulia tangazo na uchongaji, bati la netiboli lisingerudiwa, kocha angesema neno lake mapema na mchezaji wa wavu angekataa kimyakimya. Nadhani kamati iliogopa kumwambia mtu kabla ili iwe "sapraizi". Sapraizi ni ya siku ya kuzaliwa.

Mapumziko ya mechi ni jukwaa zuri kwa sababu watu wapo tayari, lakini yanabeba watu wawili, labda watatu, si wanne na hotuba. Viti vya wateule viwekwe pembeni mwa mstari wa kati tangu mwanzo wa mechi, na spika ziwashwe kwa jenereta kuanzia dakika ya 40, umeme uwepo au usiwepo.

Kuhusu mpingo, fundi na kamati wamekubaliana mbao za mzunguko ujao zikatwe vipande mapema, ncha zipakwe nta siku hiyohiyo na zikae kivulini angalau mwaka mzima kabla ya kuchongwa. Vipande sita vimeshapangwa darini kwenye stoo ya michezo, na kimoja kimekatwa kirefu kuliko vingine, sentimita 60, kwa ajili ya timu ya wavu.